Dawa Hii Twaimeza kwa Ajili ya Nani?

Sisi wa Vugiri na milima ya Usambara twalijua jina la usubi, ugonjwa uletwao na nzi mdogo mweusi azaliwaye katika mito iendayo kasi. Nzi huyo humwuma mgonjwa, akachukua watoto wa mnyoo katika ngozi yake, na baada ya siku kadhaa huwapeleka kwa mtu mwingine. Ngozi huwasha usiku kucha, ikakunjamana kama ya mzee. Mahali pengine macho hupofuka.

Dawa yake, ivermectini, asili yake ni kijidudu cha udongo wa Japani, na tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck huitoa bure. Mgawa dawa hupima kimo cha mtu kwa kijiti, ndipo ajue idadi ya vidonge. Walakini kila igawiwapo wako wasemao, "Mimi siwashwi, mbona nimeze dawa ya mwenzangu?" Swali hili si la upumbavu. Mwili ni wake, na wengine dawa huwatia mwasho na uvimbe kwa siku chache.

Lakini na tuitazame kazi yake. Mnyoo mzazi huishi miaka 10 hata 15, wala dawa haimwui. Yawaua watoto wake, naye hukaa miezi bila kutoa wengine. Basi mtu asiyesikia lolote aweza kuwa ghala ya ugonjwa. Tena wako wakatazwao kumeza: mtoto asiyefika sentimeta 90, mwenye mimba, mama aliyejifungua juma hili, mgonjwa mahututi. Ngao yao ni nini? Ni mwili wa jirani, ambamo nzi hapati cha kuchukua. Asemaye "siwashwi" ahesabu kwanza wangapi nyumbani mwake wamekatazwa.

Wengine wangoja dawa mpya. Kweli iko moksidektini, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2018, nayo huwazuia watoto wa mnyoo muda mrefu zaidi. Hata hivyo sharti imezwe. Niger, iliyothibitishwa Januari 2025 kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuukomesha usubi, ilinyunyizia mito dawa, kisha watu wake wakameza vidonge miaka mingi.

Je, akataaye alazimishwe? Sisi twaona sivyo. Aliyelazimishwa huficha kidonge chini ya ulimi. Afadhali mgawa dawa arudi mara ya pili na ya tatu, aulizwe maswali yote, na mwenye mimba wa nyumba ile awepo asikie majibu.