Mafunjo ya Kirumi

Ukitoka Musoma kwenda Tarime, punguza mwendo ukifika Daraja la Kirumi. Mdiria husimama hewani, mabawa yakipiga mbiombio, macho majini. Ghafla hujitosa na kuibuka na samaki mdomoni. Ndani ya mafunjo yupo ndege mweusi mgongoni, kifua chekundu, utosi wa manjano. Makazi yake ni mafunjo tu. Yakichomwa, hana pa kwenda. Na sisi je? Maji haya ya mto upitao chini ya daraja yametoka msitu wa Mau, Kenya, yakawanywesha nyumbu wa Serengeti, na mafunjo haya ndiyo huyachuja kabla hayajaingia Ziwa Victoria, tunakovua na kuchota. Mkulima wa Butiama, mvuvi wa Musoma, nakusihi: kiangazi hiki usiyachome.