Ngoma za Harusi Katika Mji Wetu

 

Twaulizwa mara kwa mara, na hasa na mama zetu wa Ndia Kuu na Kibokoni, kama ngoma za harusi ni haramu zote, au zimo zilizo halali.

Imethubutu katika Sahihi ya Bukhari kwamba siku ya Idi vijana wawili wa kike walikuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha, Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume (S.A.W.) akamtaka awaache, kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu. Mahabushi nao walicheza kwa mikuki na ngao msikitini mwake, naye akitazama. Na bibi arusi alipopelekwa kwa mumewe wa Kiansari, Mtume aliuliza kama hapakuwa na mchezo wowote, kwani Maansari walikuwa wakipenda michezo. Basi mwenye kusema kwamba kila dufu ni la shetani, na atuletee dalili yenye nguvu kuliko hizi.

Lakini tusijidanganye. Lelemama ya Mvita haikuwa dufu la vijana wawili. Mchezo wenyewe ulikuwa wa staha: kina mama husimama safu, wakaenda kwa mwendo wa taratibu, mikono ndiyo ichezayo. Ubaya uliingia katika kushindana. Chama hiki kikishona sare, kile kishone iliyo ghali zaidi. Huyu akichinja mbuzi, mwenziwe hana budi kuchinja ng'ombe. Na wanaume hawakuwa bora: katika beni walijigawa Kingi na Scotchi, wakajipa vyeo na mavazi ya askari wa Kizungu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alipotoa Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, alikemea ubadhirifu na uigaji wa namna hii, na kukemea kwake kulikuwa haki. Surat al-Israi imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani.

Liko, hata hivyo, jambo ambalo sisi watu wa islahi hatupendi kulitaja. Vyama vile vya ngoma ndivyo vilivyowakutanisha waungwana na wazao wa watumwa, wakasaidiana katika harusi na matanga. Na kutokana na desturi hiyo ya kukusanyika, mwishoni mwa miaka ya 1950 zilipatikana jumuiya mbili za wanawake wa Kiislamu hapa Mombasa, zilizoshughulikia elimu na maendeleo ya wanawake. Waliojua kuchangisha pesa za sare walijua pia kuchangisha pesa za skuli. Lau vyama vile vingefutwa vyote kwa fatwa moja, tungepoteza na kheri hii.

Tukirudi kwa harusi za leo, twaona mambo yamegeuka. Zamani aliyeimba alikuwa jirani, na aliyegonga pembe ya vugo alikuwa shangazi wa bibi arusi. Siku hizi hukodiwa ukumbi, vipaza sauti na mpiga muziki wa kulipwa, na kina mama hukaa vitini wakitazama. Kilichoondoka ni ule ujirani tuliokuwa na haja nao. Gharama imebaki, tena imezidi. Chakacha, iliyokuwa ikichezwa na wanawake peke yao nyuma ya milango iliyofungwa, sasa huchukuliwa kwa simu usiku wa kupamba, na kabla bibi arusi hajafika kwake, binti wa watu ameshatazamwa na wanaume wa Dubai asiowajua. Hili hatulitafutii udhuru.

Basi ombi letu ni jepesi. Simu ziwekwe mlangoni. Ngoma inyamaze kwa adhana. Wala sare isiwe sharti. Jirani asiyeweza kununua na aje na leso yake, aimbe na wenziwe.

Na waume wasitwambie kwamba haya ni mambo ya wanawake. Ukumbi, vipaza sauti na mpiga picha hulipwa kwa fedha zao, na mara nyingi kwa deni lililoandikwa kwa majina yao.