Amana Tunayoiacha Langoni mwa Chekechea



Ndugu zangu katika imani, leo nataka tukumbushane juu ya amana isiyotajwa sana mimbarini.

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anatuamrisha turudishe amana kwa wenyewe. Tukiisikia aya hii, fikira zetu hukimbilia pesa na viwanja. Mtu akimwachia mwenzake gunia la karafuu, akirudi atataka kujua lilikaa wapi, lililowa au halikulowa. Lakini mtoto wa miaka minne twamwacha langoni asubuhi, twamchukua adhuhuri, na hapana aulizaye wala aelezaye. Mwalimu ameshamkabidhi mtoto, mzima, na aona amana imefika. Mimi nasema haijafika yote. Zile saa alizokaa mbali na macho ya mamake nazo ni katika amana, na mwenyewe ana haki ya kuzijua.

Jambo hili la mzazi kujua yafanyikayo darasani si geni kwetu watu wa pwani. Mwaka 1986, pale Liwatoni, Mombasa, ilifunguliwa chekechea ya kwanza ya mradi wa madrasa ulioungwa mkono na Taasisi ya Aga Khan, na Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Mwaka 1990 mradi ukaingia Zanzibar, na 1993 Uganda. Watoto walipata dini na masomo ya kawaida chini ya paa moja, wazazi wakaingia katika kamati, na vya kuchezea vikatengenezwa kwa vitu vya mtaani. Mzazi aliyetoa vifuu jikoni kwake akavipeleka darasani hahitaji kuelezwa kwa nini mwanawe avichezea.

Sasa tazameni yanayotokea leo. Baba amelipa karo. Jioni amwuliza mwanawe, "Leo mmesoma nini?" Mtoto ajibu, "Hatukusoma, tumecheza." Baba achemka: pesa zangu! Wiki ya pili amhamishia shule nyengine, ambako watoto wa miaka minne wakalishwa madawatini kunakili herufi mpaka vidole viwaume. Kumbe siku ile mtoto alikuwa akitenga vizibo vyekundu na vya buluu, akivihesabu, akingoja zamu yake, akijifunza kumwomba mwenzake badala ya kumnyang'anya. Hiyo ndiyo hesabu ya umri wake, na adabu ya umri wake ndiyo hiyo.

Hapa lawama naiweka kwanza kwa mwalimu. Mtoto hana maneno ya kuieleza kazi ile; mwalimu anayo, na yatosha kuyasema langoni au kuandika mstari mmoja katika daftari la mtoto. Lakini shule nyingi humtafuta mzazi kwa mambo mawili tu: karo imechelewa, au mtoto amekosa. Ndiyo maana namba ya mwalimu ikitokea kwenye simu, moyo wa mama wapaa. Mtoto aliyekuwa akilia kila asubuhi, leo ameingia darasani akicheka, na hakuna aliyemwambia mamake!

Nasi wazazi hatujasalimika, hasa sisi akina baba tulioketi hapa. Twayajua majina ya wachezaji wa timu za Uingereza, na mwalimu wa mwanetu hatumjui jina. Tuktuk ndiyo impelekayo, tuktuk ndiyo imrudishayo. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Anas, kwamba nduguye mdogo, Abu Umayr, alikuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimwuliza habari za kindege hicho. Ana wahyi, ana wajumbe, ana umma mzima, na bado ana nafasi ya kindege cha mtoto. Wewe nawe uliza hivyo. Ukimwuliza mwanao shule ilikuwaje, atakwambia "nzuri" na mazungumzo yamekwisha. Muulize leo alikaa na nani, nani alilia, nani alimwaga uji.

Lakini habari hizi za shuleni zina adabu zake. Suratul-Hujuraat, aya ya 12, yakataza kusengenyana. Basi, ewe mwalimu, mtoto aliyejikojolea na aliyemng'ata mwenzake wasitajwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wote. Mwite mzazi wake peke yake. Picha za watoto nazo zisirushwe ovyo: sheria ya Kenya ya kulinda data, ya mwaka 2019, yataka idhini ya mzazi. Na aya ya 6 ya sura hiyohiyo yaamrisha kuhakikisha habari. Mtoto akija akisema amepigwa, usianze kuandika kundini. Nenda ukaulize, tena siku ileile. Kuhakikisha si kunyamaza. Na mwalimu amwambiaye mtoto "usimwambie mama" hafai kuachiwa mtoto wa mtu.

Wanakamati wa madrasa zetu, nawaomba muhula huu mtenge asubuhi moja wazazi wakae darasani na watoto wao. Iwe Jumamosi, baba asiwe na udhuru wa kazi. Nawe ndugu yangu, Jumatatu usimwite mwenye tuktuk. Mpeleke mwanao mwenyewe, muulize mwalimu jina lake, na umwachie namba yako ya simu.