Mkono usiotii

Je, ni haki kumwadhibu mtoto kwa jambo ambalo hakulitaka? Ndugu wasomaji, swali hili lilitushika tulipomfukuza kijana wa miaka 9 katika watumishi wa Misa. Katekisimu aliijua kuliko wenzake, lakini chupa ya divai ilimponyoka mara ya pili, ikavunjika mbele ya altare. Tulimwita mzembe mbele ya wote. Mama yake hakutukaripia. Alisema tu kwamba mtoto hajaweza kufunga vifungo vya shati, humwaga maji kila atokapo kisimani, na baba yake humpiga. Sasa na Kanisa limempiga.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba pasipo utashi hakuna dhambi. Hayo tuliyajifunza seminarini, tukayasahau sakristiani.

Waganga wanaiita hali hii dispraksia. Si uchawi wala upungufu wa akili: ubongo unakawia kujifunza kupanga mienendo ya mwili. Hukadiriwa kwamba watoto 5 au 6 kati ya 100, wenye miaka 5 hadi 11, wanayo. Tangu udogo mtoto hujikwaa penye njia sawa, hadaki mpira, na maandiko yake hupanda na kushuka katika kayé. Mganga amtazame kwanza, maana macho mabovu na misuli dhaifu huleta dalili zinazofanana. Na mtoto aliyekuwa anaweza, kisha akashindwa, apelekwe upesi hospitalini. Hiyo ni habari nyingine.

Wengine watasema: wavivu wapo. Ndiyo, wapo. Lakini mtoto aliyechekwa na kupigwa kwa muda mrefu huanza kuikimbia kazi, naye huonekana mvivu kabisa. Hapo uvivu ni sisi tuliomfundisha. Tena mkono unaoogopa fimbo hutetemeka, na unaotetemeka huangusha zaidi.

Linalosaidia ni kuzoeza kazi ileile inayomshinda, kipande kwa kipande, muda mfupi lakini mara nyingi, naye akisema kwa mdomo hatua inayofuata. Bidoni ijazwe nusu. Shuleni aongezewe muda wa kuandika, au aulizwe kwa mdomo. (Sisi wenyewe hatujui kudaka mpira hata leo, wala hakuna aliyetupiga.)

Tulikwenda kwao kuomba msamaha, baba yake akiwapo. Kijana alijizoeza kila alhamisi kwa chupa ya plastiki yenye maji. Siku ya Pasaka alishika chupa kwa mikono miwili mpaka altareni. Maji kidogo yalimwagika.