Hodi ya Tatu

Pangani tulifundishwa kwamba hodi hupigwa mara tatu. Usipoitikiwa, ondoka, wala usichungulie dirishani. Lakini hakuna mzee aliyetuambia kwamba nyumba isiyoitika haina mtu.

Bibi alipopatwa na kiharusi alilala wiki tatu, macho wazi, ukimwita hageuki. Wajomba waliketi ukingoni mwa kitanda wakajadili minazi yake, nani achukue ipi, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nami nilikuwepo, nikanyamaza. Nilikuwa nimeshaanza kazi ya radiolojia, na picha ya CT ya kichwa chake nilikuwa nimeiona: doa kubwa upande wa kushoto. Nikajiambia ameshaondoka. Picha ile ilinionyesha ukuta ulipobomoka, mimi nikaisoma kana kwamba imenionyesha mwenye nyumba.

Mwaka 2006, Adrian Owen, akiwa Cambridge, na wenzake walichapisha habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kichwa katika ajali ya gari. Miezi mitano ilikuwa imepita bila dalili ya fahamu. Walimlaza ndani ya mashine ya MRI, ambayo inaweza kufuatilia damu yenye oksijeni inavyokimbilia sehemu ya ubongo inayofanya kazi. Wakamwambia: waza unacheza tenisi. Kisha: waza unatembea nyumbani kwako, chumba hadi chumba. Sehemu zilezile zinazochangamka kwa watu wenye afya zikachangamka kwake.

Mwaka 2024 ikatoka kazi kubwa zaidi. Watu 241 wasiofuata agizo lolote kitandani walipimwa kwa MRI, kwa mawimbi ya umeme ya ubongo, au kwa vyote viwili, 60 wakaitika. Robo nzima! Ila hesabu inayonikosesha usingizi ni nyingine. Katika wagonjwa 112 ambao kitandani walifuata maagizo, kila mtu akiona, vipimo viliwanasa 43 tu. Basi mashine nayo ni mgeni aliyesimama mlangoni. Karibu inaweza kutamkwa ndani, nayo isiisikie.

Sisemi kwamba tumeipiga roho picha. Roho ni amri ya Mola, na oksijeni ni oksijeni. Ninachokikataa ni ule wepesi wetu wa kutamka "hayupo", neno linalomwinua mtu kitini aende zake. Aliyebisha hodi anajua jambo moja tu: hakuitikiwa. Kuendelea kumheshimu aliye ndani hakungoji ushahidi, maana adabu ya mlangoni haikuwahi kuungoja.

Siku hizi, kabla sijamwingiza kwenye mashine mgonjwa asiyesema, namtajia jina langu na kumtahadharisha kuhusu mngurumo. Bibi ningempa ile safari ya pili: barazani, ukumbini, chumba chenye kitanda cha besera, mpaka uani penye mtungi. Asingehitaji kuelekezwa njia.