MOTOKARI NZURI YA BEI NAFUU: NI NANI ANAMALIZA KULIPA?



Vijana wetu wanauliza: je, mkristo anaweza kununua motokari ya mbio, ile ya milango miwili, iliyokwisha kutumiwa na watu wengine na kuuzwa kwa bei nafuu? Wazee wengine wanajibu upesi: ni kiburi. Vijana nao wanasema: feza ni yangu. Majibu haya mawili ni mafupi mno.

Tuchukue mfano. Kampuni Toyota ya Japani ilitengeneza Celica toka mwaka 1970 hadi 2006. Jina hilo linatoka katika Kilatini, maana yake «ya mbinguni». Ni motokari ya chini, nyepesi, yenye sura nzuri, na mwenye kupenda uzuri wake hakutenda zambi. Macho tulipewa na Mungu. Lakini jina la mbinguni halizuii chuma kuzeeka duniani. Hata zile za mwisho zimefika karibu miaka 20. Ndiyo sababu bei imeshuka. Bei ya chini si zawadi. Mara nyingi ni deni ambalo mwenye kwanza anakuachia ulimalize. Baadhi ya Celica za kizazi cha mwisho, hasa za miaka yake ya kwanza toka 1999, zinajulikana kwa kula mafuta ya motere. Asiyeyapima kila mara ataua motere.

Tena, zile zinazotoka Japani zina volani kuume, na sisi Kongo tunatembea upande wa kuume. Ukiwa nyuma ya lori kwenye balabala ya Kasumbalesa, huoni anayekuja mpaka motokari yako imekwisha kutoka nje. Na watoto waliokaa nyuma hawana mlango wao. Wanashuka kwa mlango wa mbele, na ule wa kushoto unafungukia katikati ya balabala.

Basi ulizo la kweli si «motokari hii ni zambi?» Ulizo ni hili: bei inayobaki atailipa nani, na yeye amekubali? Baba mwenye watoto sita akinunua motokari ya viti vine, feza za masomo zinakuwa pine, na chakula kinakuwa esanse. Wanaolipa ni wale wasio na nafasi ndani yake. Hapo uzuri umegeuka kuwa wizi wa nyumbani, hata kama karatasi zote ni halali.

Lakini kijana asiye na mzigo wa watu, aliyefanya hesabu kama yule mwenye kujenga mnara katika Luka 14, na kuweka akiba ya matengenezo, sioni amri ya kumkataza. Tusimhukumu kwa wivu, kisha tuuite wivu ule utakatifu.

Muuzaji naye asikilize. Sheria ya Musa inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, kubwa na dogo. Kurudisha nyuma hesabu ya kilometa ni jiwe la namna ile. Na wewe uliyenunua, ukiona motere inakufa, usikimbie kumuuzia ndugu asiyejua. Mwambie ugonjwa wake kabla hajatoa feza. Pengine utapata kidogo, lakini deni halitapita kwa siri toka mkono hadi mkono.

Ndugu, mbele ya kulipa, peleka fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Washa motere asubuhi ikiwa baridi na uangalie moshi: ukiwa wa buluu, mafuta yanaungua. Kisha rudi nyumbani, umwambie mama wa watoto bei yote, si nusu. Akisema «tungoje», mungoje pamoja.

Amani ya Bwana ikae katika nyumba zenu. Amina.

Shemasi wenu