Neti Ilikuwa Wazi

Jumamosi asubuhi nilimkuta binti yangu na vipele vinne shavuni, vyekundu na vimevimba. Ana miezi saba. Hajui kulalamika, anajikuna tu, na kucha zake zilikuwa zimeshachubua kimoja. Nikapandwa na hasira. Niliingia jikoni nikamwuliza dada anayetusaidia kazi za nyumbani, "Kwani jana hukushusha neti?"

Hakunijibu. Alimchukua mtoto, akamgusa shingo na mgongo kwa kiganja. "Hana joto, Mama Neema," akasema. Akamwosha uso kwa maji na sabuni, akalowesha kitambaa safi kwa maji baridi na kukishikilia shavuni. Kisha akamkata kucha polepole, moja baada ya nyingine. Nilipoleta ile mafuta ya kuchua ninayojipaka mimi, akaniambia niache, ni kali kwa mtoto, na akijipangusa itamwingia machoni. Nikairudisha.

Hapo ndipo nikakumbuka. Saa nane usiku niliinua neti nimpige picha akiwa amelala. Nikarudi kitandani na simu yangu. Neti sikuichomeka tena.

Huwa tunasema hasira ya mzazi ni upendo. Siku hizi sina uhakika. Mtoto alihitaji maji baridi, mimi nilikuwa nahitaji mkosaji. Na sikumtafuta mbali, nilimwendea yule asiyeweza kunijibu kwa sababu mshahara wake unatoka kwangu. Kama ni mama yangu angekuwa pale jikoni, ningeuliza kwa sauti ile? Wapi!

Dada ana mtoto wake, wa mwaka mmoja na nusu, anayelelewa na nyanyake kule Homa Bay. Hapa Nairobi mbu mara nyingi hutuachia mwasho na usingizi mbovu. Kule karibu na ziwa, kuumwa na mbu kunaweza kuishia wodini. Si bure kwamba chanjo ya malaria ilipozinduliwa nchini mwaka 2019, ilizinduliwa kaunti hiyo hiyo. Ndiyo maana yeye akiona kipele, mkono wake unatafuta joto kwanza. Mkono ule ulifunzwa na mtoto wake mwenyewe, ambaye hayuko naye. Kila jioni anashusha neti ya mtoto wangu bila kujua kama ya wake imeshushwa.

Mimi namlipia kufua, kupika na kushika mtoto. Hilo lingine silioni popote kwenye mapatano yetu, na bado nalipokea kila siku kana kwamba ni haki yangu.

Jioni nilimwendea. "Dada, pole. Ni mimi niliyeacha neti wazi."

"Nilijua," akasema, huku akiendelea kukunja nepi. "Nilipoamka alfajiri niliikuta imeinuliwa, nikaichomeka."

"Sasa mbona hukuniambia asubuhi?"

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. "Ningekwambia, ungeniamini?"

Kufikia Jumatano shavu la Neema lilikuwa limepona, hata alama haikubaki. Mimi bado sijamjibu dada. Ningependa kusema ndiyo. Lakini naikumbuka sauti yangu ya asubuhi ile, na najua ningesema uongo.